Mkalimani Mwenye Upande

Duka la fotokopi nyuma ya maktaba ya chuo halikuwa na foleni. Lilikuwa na vita. Wiki ya mitihani ndiyo usiseme. Watu walisongamana mbele ya kaunta, kila mmoja kainua karatasi zake juu, mashine inanguruma, wino unanuka, joto limewakaba wote koo. Mbele kabisa alisimama msichana aliyevaa gauni la rangi ya haradali na kitambaa cheupe kichwani, amekasirika kwa adabu, hasira ile ya walimu.

"Kaka yangu, nimekupa kitabu kizima. Umenirudishia kitabu kisicho na sura ya tatu. Kesho darasani niwaambie wanafunzi waruke kama vyura?"

Mwenye duka alijikuna kisogo. "Mashine imemeza, dada."

"Basi itapike!"

Watu wakaangua kicheko. Hapo ndipo msichana aliposikia kitu nyuma ya bega lake: sauti ya kiume, ya chini, ya haraka haraka, ikiandamana na maneno yake kwa lugha asiyoijua. Akisema, inasema. Akinyamaza, inamalizia kidogo, halafu nayo inanyamaza. Akageuka. Akakutana na kijana mrefu mwenye shati la bluu lililopigwa pasi likanyooka kweli kweli, amefumba macho kama anayeomba dua.

"Samahani, kaka. Unanisema?"

Kijana, macho bado yamefumbwa, akaligeuza hilo nalo kwa lugha yake. Kisha akili ikamrudia. Akafumbua macho, haya ikamshika mpaka akakosa pa kuweka mikono.

"Sikusemi, dada yangu. Nakufuata."

"Unanifuata mpaka wapi?"

"Maneno, si wewe! Ni mazoezi. Nasomea ukalimani wa Kichina. Tumeambiwa tumchukue mtu yeyote anayeongea, sokoni, kwenye basi, popote, tumfuate papo kwa papo bila kungoja amalize. Na wewe..." Akatafuta neno. "Wewe unaongea vizuri. Mtu anapata pa kuvutia pumzi."

"Kwa hiyo siku nzima unabwabwaja kama redio?"

"Siku nzima."

"Na watu hawajakupiga?"

"Wawili tu."

Msichana alitaka kuendelea kukasirika, lakini midomo ilimsaliti. Kuanzia siku hiyo kijana akaitwa Redio. Msichana mwenyewe alikuwa na jina lake tayari: bwenini walimwita Chaki, kwa sababu alisomea ualimu wa lugha, Kifaransa na Kiswahili, na hakuwa na nguo hata moja isiyo na vumbi la ubaoni kwenye pindo. Sura ya tatu ilipatikana tumboni mwa mashine, imekunjamana. Redio ndiye aliyeingiza mkono kuitoa, akatoka na wino mpaka kiwikoni, shati zuri limekwisha. Chaki akaona vibaya kumwacha hivyo hivyo. Akampeleka kunywa chai, na chai hiyo ilinywewa mpaka wahudumu wakaanza kupindua viti juu ya meza.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kabla ya muhula kwisha, chuo kizima kilishajua. Chaki alimfanya Redio darasa lake: anamkalisha kwenye benchi nyuma ya maabara ya lugha, anasimama mbele yake na kipande cha chaki mkononi hata kama ubao haupo, anamfundisha kuhesabu kwa Kifaransa. Redio, ambaye kichwa chake kilinasa lugha kama gundi, alikosea makusudi.

"Wewe ni mzito au unajifanya?"

"Sijaelewa, mwalimu. Rudia. Ila safari hii usimame karibu kidogo."

"Ukiendelea hivi nitamwita mzazi wako."

"Mwite. Ataniuliza somo linaendaje, nami nitamwambia somo gumu lakini mwalimu mzuri."

Jioni, simu.

"Haloo, Redio?"

"Redio hewani. Leo tuna habari moja tu."

"Ipi hiyo?"

"Chaki amepita mbele ya ukumbi na blauzi ya kijani, na hakumsalimia mpenzi wake."

"Muongo! Nilikupungia mkono."

"Mkono hautafsiriki, mpenzi. Nilihitaji sauti."

Alikuwa na maneno, huyo kijana, maneno ya kumwaga. Lakini ukimsikiliza vizuri, na Chaki alikuwa msikilizaji, uligundua kwamba yake mwenyewe yalikuwa machache. Aliweza kusema ya daktari, ya fundi, ya mfanyabiashara mwenye hasira, tena kwa lugha mbili. Ukimuuliza anataka chai au maji, atakuuliza wewe unataka nini. Siku moja alimweleza Chaki sababu, bila kujua kwamba anaeleza sababu. Kwao, baba na mama walinuniana yeye akiwa mdogo, wakaendelea kuishi nyumba moja bila kusemeshana. Yeye ndiye aliyebeba maneno. Mwambie baba yako chakula kipo mezani. Mwambie mama yako nimeshiba. Anatoka jikoni anakwenda sebuleni, anatoka sebuleni anarudi jikoni.

"Na wewe ulikuwa unasema nini?" Chaki aliuliza.

"Mimi? Mimi nilikuwa nasema walichosema."

Chaki ndiye aliyetangulia kusema nakupenda, kwenye ngazi za bweni, mchana kweupe. Redio alimkumbatia mpaka mbavu zikauma, macho yake yakalowa, na mdomo ukatoa maneno mawili tu: "Mimi pia." Chaki alingoja liongezwe lingine. Halikuongezwa.

"Huyo bwana wako," alisema mama mdogo, fundi cherehani aliyemlea Chaki tangu mama yake alipofariki, huku ameshika pini kwa meno, "nampenda. Ana heshima, anakula vizuri, anasifia nguo. Lakini hata hapa kwangu kila akifungua mdomo anatuambia fulani kasema. Yeye anasema lini?"

"Atasema, mama mdogo. Ana haya."

"Mficha uchi hazai," alisema mama mdogo, akarudi kwenye cherehani yake.

Mwaka wa mwisho ulipofika, idara ya lugha ikapata wageni. Chuo kimoja cha Uchina kinachofundisha Kiswahili kilitaka mwalimu kijana, aliyesomea kufundisha lugha, akafundishe huko kwa mwaka mzima wa masomo. Mkuu wa idara alipeleka jina la Chaki. Hakukuwa na nafasi nyingine kama hiyo. Mwenye kuipata alirudi akiwa mwalimu ambaye milango hujifungua mbele yake. Siku ya usaili mama mdogo alimvalisha sketi nyeusi na blauzi nyeupe yenye kola ndogo, akamzungusha mara tatu, akamfukuza nyumbani asije akachelewa.

Chaki aliingia ndani ya chumba cha mikutano akakuta meza ndefu, bilauri za maji, na profesa mgeni wa makamo, asiyejua Kiswahili, mwenye nywele fupi za mvi na uso mkunjufu. Kando ya profesa, amevaa koti jeusi lililombana kidogo mabegani, amekaa Redio.

Wote wawili walishtuka, na wote wawili wakajikaza kisabuni. Redio alikuwa ameambiwa asubuhi hiyo tu kwamba mtihani wake wa vitendo ni kumkalimania mgeni. Hakuambiwa anayesailiwa ni nani. Angeweza kunyanyua mkono pale pale akasema, samahani, huyu namfahamu. Hakunyanyua.

Sheria za kazi ya ukalimani Chaki alizijua, kwani Redio aliziimba kila siku. Mkalimani haongezi, hapunguzi. Hana upande. Anayemsemea akisema mimi, naye anasema mimi. Kwa hiyo profesa alipouliza, Redio aliuliza. Chaki alipojibu, Redio alijibu. Maswali yalikwenda vizuri: namna ya kuanza somo la kwanza, namna ya kumsaidia mwanafunzi mwenye haya ya kutamka. Profesa alicheka mara mbili. Kisha akaegemea mbele, akasema kitu kwa upole, na Redio akakigeuza.

"Kuna mtu au jambo lolote hapa linaloweza kukuzuia kuondoka?"

Alikisema kwa sauti ile ile aliyoulizia habari za vyeti. Chaki alimtazama. Alitaka kidogo tu: jicho, kikohozi, kalamu kuanguka. Redio aliangalia karatasi yake.

Roho ilimuuma Chaki mpaka akasikia masikio yanavuma. Akanyoosha mgongo.

"Hakuna," alisema. "Sina kinachonizuia."

Redio akachukua bilauri, akanywa maji, akaiweka chini. Halafu akayageuza maneno yale kwa Kichina, neno kwa neno, na profesa akatabasamu.

Usaili ulipokwisha, Redio alimkimbilia kwenye ngazi za nje. "Chaki! Hongera. Wamekupenda sana."

"Wao ndio wamenipenda."

"Maana yake nini?"

"Umeniuliza kama mtu anayeuliza saizi ya kiatu, Redio."

"Nilikuwa kazini. Ulitaka nifanyeje? Mjumbe hauawi."

"Sikuwa natafuta mjumbe! Wajumbe wamejaa. Nilikuwa natafuta mtu mmoja, nikamwangalia, naye anaangalia karatasi."

"Na wewe ukajibu hakuna."

"Nilijibu nilichokiona usoni mwako." Wanafunzi waliokuwa wakipita walipunguza mwendo, Chaki hakujali. "Haya, sasa hauko kazini. Sema. Sema niende, sema nisiende, nitukane hata. Sema tu!"

Redio alifungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Wewe unataka nini?" aliuliza.

Masikini, lilikuwa swali baya kuliko yote aliyoyauliza siku ile. Chaki alishuka ngazi bila kumjibu, na vumbi jeupe lililokuwa kwenye pindo la sketi mpya hakulipangusa.

Simu ililia. Chaki hakupokea. Ililia kesho yake na siku zilizofuata, halafu ikaacha kulia, na hapo ndipo alipoanza kuitazama kila wakati. Aliporudi nyumbani mwisho wa juma alikaa chini kando ya cherehani, akaokota vipande vya kitambaa, akavipanga kwa rangi, akavipangua.

"Utaniharibia vitambaa kwa machozi," alisema mama mdogo.

"Silii."

"Basi kuna mvua humu ndani. Ulimwambia unataka akuzuie?"

"Angejua mwenyewe."

"Angejuaje? Mwanangu, yeye kanyamaza na wewe umesema uongo mbele ya wageni. Sasa nani kamzidi mwenzake?"

Chaki aliviokota vipande, akavipanga tena. Alilala na swali hilo.

Mapema wiki iliyofuata aliitwa na mkuu wa idara, mama mnene mwenye sauti nzito ambaye ofisi yake ilijaa kamusi mpaka dirishani. Usaili wa pili na wa mwisho ungefanyika Ijumaa, kwa simu ya video.

"Utakalimaniwa na binti wa darasa la ukalimani," alisema mkuu wa idara. "Yule kijana amejitoa."

"Amejitoa kwenye usaili wangu?"

"Kwenye kazi yote ya wageni wale. Nilimwambia asiwe mjinga. Wageni walikwishampenda, walitaka awe mkalimani wao akimaliza chuo. Na mtihani wake wa vitendo sasa nimeufuta, itabidi aurudie. Akasimama hapo hapo uliposimama. Akaniambia, mama, siku ile nilikuwa na upande na sikusema. Bado ninao. Siwezi kukaa meza moja na yule dada nikajifanya sina."

Chaki alishika mgongo wa kiti.

"Mkalimani mwenye upande husema, akatoka," aliendelea mkuu wa idara. "Wote nawafundisha hivyo. Anayethubutu ni mmoja kati ya wengi. Sikumuuliza ni upande gani." Akavua miwani. "Yuko hospitali kuu leo, anawakalimania mafundi wa Kichina wanaofunga mashine mpya ya picha. Na mimi sijakwambia kitu."

Hospitalini Chaki alielekezwa korido ndefu yenye harufu ya dawa ya kusafishia. Wagonjwa walikaa kwenye mabenchi. Mlango wa mwisho ulikuwa wazi nusu, na kutoka ndani ilisikika ile sauti, mara Kichina, mara Kiswahili, ikimweleza fundi wa hospitali asibonyeze kitufe chekundu kabla taa haijawaka. Chaki aliijua kabla hajafika mlangoni. Akakaa kando ya bibi mmoja mwenye mguu uliofungwa bendeji, akangoja.

Redio alitoka kufuata maji ya kunywa. Alikuwa amekonda. Alimwona Chaki, akasimama katikati ya korido, chupa tupu mkononi.

"Umejitoa," alisema Chaki.

"Nani kakwambia?"

"Leo huulizi. Leo unajibu tu. Kwa nini ulinyamaza siku ile?"

Redio alimwangalia bibi, akaangalia mabenchi yote, akaona hakuna pa kujificha.

"Kwa sababu nilijua nikikwambia usiende, utabaki," alisema. "Halafu siku moja utaniangalia kama mama anavyomwangalia baba. Nikaona bora ninyamaze. Kisha ukasema huna kinachokuzuia, na mimi ndiye niliyelitamka, Chaki. Kwa mdomo wangu. Nimetamka mambo mazito ya watu, ya wagonjwa, ya waliofukuzwa kazi, hakuna lililonikwama. Lile lilinikwama kooni. Nilikunywa maji ili lishuke."

"Nilikuona ukinywa."

"Sasa unajua."

"Bado sijajua." Chaki alisimama. Sauti yake ilikuwa imeanza kutetemeka, naye akaiacha itetemeke. "Na mimi nilisema uongo. Kipo kinachonizuia. Nilikasirika nikasema hakuna. Hilo ni langu, nimelisema. La kwako liko wapi?"

Bibi mwenye bendeji alisogeza mguu wake ili asikie vizuri.

"Nakupenda," alisema Redio. Akashangaa kidogo, kama aliyeingia mtoni akakuta maji hayakumfika shingoni, na baada ya hapo hakuna mtu aliyeweza kumzuia. "Nakupenda tangu ulipoiambia mashine itapike. Sitaki uende. Nikifikiria umeondoka, chakula hakipiti. Na nataka uende, kwa sababu sijaona mtu anayefundisha kama wewe, na watoto wa watu huko watabahatika. Yote mawili nayataka, yanapigana humu ndani, na nilikuwa nayaonea haya. Na nataka kukuoa. Nilipanga nikwambie ukirudi. Hapana. Nakwambia sasa hivi, uende ukijua. Nataka kukuoa, Chaki. Basi. Nimemaliza."

Alihema kama aliyepandisha gunia ghorofani.

"Mjukuu wangu, mjibu haraka," alisema bibi. "Akizirai hapa, vitanda vyote vimejaa."

Benchi zima likacheka. Fundi wa Kichina akachungulia mlangoni kuona kelele za nini, akamuuliza Redio. Redio akamweleza, kwa ufupi, akijionyesha kwa kidole kisha akimwonyesha Chaki. Uso wa fundi ukafunguka. Akasema neno, akarudi ndani, akavuta mlango taratibu.

"Kasemaje?" aliuliza bibi.

"Kasema mashine iko tayari kungoja, lakini yeye ana njaa," alisema Redio, macho hayamtoki Chaki. "Mpenzi, nakuomba."

"Ndiyo," alisema Chaki.

"Ndiyo ya kwenda au ndiyo ya kuolewa?"

"Zote mbili, Redio. Na wewe uache kuuliza maswali."

Akamkumbatia palepale, chupa tupu ikaanguka ikabingirika chini ya mabenchi, na bibi akapiga makofi peke yake mpaka wengine wakamfuata.

Ijumaa, mbele ya video, walipomuuliza Chaki tena kama ana kinachomzuia, alisema kipo, kirefu, kina shati la bluu, na ndicho kitakachomrudisha. Yule binti aliyemkalimania alikohoa kwanza. Kazi akaipata. Redio aliurudia mtihani wake pamoja na wadogo zake wa mwaka wa nyuma, ambao hawakumwacha apumue kwa utani. Nafasi ya kufanya kazi na wale wageni ilichukuliwa na mwingine, na hakuwahi kuijutia. Kwa mama mdogo alifika na baba yake mkubwa. Mzee huyo alikuwa ameandaa hotuba, lakini aliponyanyuka, Redio akamwomba radhi kwa mikono miwili, akasema mwenyewe alilokuja kusema. Mama mdogo aliacha chai yake ikapoa.

Siku ya safari Chaki alivaa suti ya kijani aliyoshonewa na mama mdogo, pete kidoleni, begi lililomzidi uzito. Uwanja wa ndege ulikuwa umefurika watu. Redio aliongea tangu walipoteremka kwenye gari: atamkumbuka vipi, asiache kula asubuhi, amchagulie kanzu au suti kwa ajili ya harusi, anaogopa, ana furaha, anaogopa tena. Mama mdogo alimwambia apumzike, wapi! Chaki alimshika mkono akamsikiliza neno kwa neno, machozi yakimtiririka, akicheka. Walipoitwa abiria mara ya mwisho Redio alikuwa bado hajamaliza.

"Yaliyobaki utaniambia kwenye simu," alisema Chaki.

"Ni mengi."

"Nina mwaka mzima, mume wangu."

Hakuwa amewahi kumwita hivyo. Redio akanyamaza ghafla, na Chaki akambusu mbele ya mama mdogo na watu wote, akachukua begi lake akaingia ndani.